Mkono wa Shangazi

Saa saba mchana, kichupa cha tatu kilikuwa kimebakiwa na dozi moja.

Nesi Kalo alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa jicho moja, akakirudisha kwenye sifongo baridi juu ya kasha la barafu. Ukumbi wa kanisa wa Fotulei ulikuwa umetulia. Upepo wa bahari uliingia upande huu ukatokea upande ule, na mapazia meupe yakawa yanavuta pumzi na kuitoa, yanavuta na kuitoa, kama watu waliolala. Nje, nguruwe watatu walijinyoosha kwenye kivuli cha mnara wa kengele. Mbali kidogo kulisikika mlio wa nyundo ya mti ikipiga gome la kutengenezea nguo, ko, ko, ko, bila kupumzika.

"Ishirini na tisa wamepita," alisema Nesi Kalo. "Kichupa hiki nimekifungua saa nne. Saa kumi nakitupa, kiwe na kitu kisiwe na kitu. Kikishachanganywa maisha yake ni saa sita tu. Nani hajaja?"

Lesieli alikuwa amekaa mezani na daftari, wala hakuhitaji kulitazama.

"Havea," alisema. "Havea wa Pauliasi. Mwaka mmoja na miezi miwili."

"Pauliasi si kaka yako?"

"Ni kaka yangu."

"Basi kamchukue tu mtoto, mama. Wewe ni shangazi, nani atakukatalia?"

Lesieli aliifunika kalamu kifuniko, akaifunua, akaifunika tena. Usiku wote wa jana hakulala. Mashua iliyowaleta ilikuwa ikiyumba polepole, na kila alipofumba macho aliona korido ndefu yenye sakafu ya kijani inayong'aa, akiyafumbua, nyota. Asubuhi alipokanyaga mchanga wa kwao baada ya miaka mitano, miguu yake ilikuwa bado iko baharini. Hata sasa meza ilikuwa ikielea chini ya viwiko vyake.

Alikuwa ameomba likizo ya wiki mbili isiyo na mshahara, akalipa nauli mwenyewe, akavaa fulana ya njano ya kanisa lake la Auckland. Walitoka huko wanane kuja kujitolea, wakagawanywa visiwani, kila mmoja na nesi wake. Yeye aliomba Fotulei. Kazi yake ilikuwa kuandika majina, kujaza kadi, na kuwashika watoto wasirushe mikono. Wale wakubwa kidogo aliwategea vitendawili ili wasiitazame sindano. "Ana macho matatu, machozi yamemjaa tumboni, wala halii," alimwambia binti mmoja asubuhi ile, na kabla binti hajamaliza kusema nazi, sindano imeshaingia na kutoka.

Lakini kijiji kilikuwa na hesabu yake. Kwao mkubwa hukaa akaandika, mdogo ndiye husimama akafanya kazi. Basi walipomwona Lesieli amekaa na kalamu, na binti wa watu mwenye miwani amesimama anachoma, wakanong'onezana: umeona, nesi wetu amepanda cheo, siku hizi ana wa kumchomea.

Wala hakuwasahihisha. Miaka ishirini na miwili hakumsahihisha mtu. Mwaka wa kwanza alituma nyumbani picha yake amevaa sare ya samawati, ameandika nyuma yake: nimepata kazi hospitali. Hilo lilikuwa kweli. Mama yake akaipeleka picha kwa mchungaji, mchungaji akaipeleka mimbarini, na ilipomrudia Lesieli kwa simu ilikuwa imekwisha kuwa nesi kamili. Angesema nini? Mama yake alikuwa akilia kwa furaha. Angemwambia kwamba sare ile ni ya wapiga deki?

*

Mama Kesaia, mwenyekiti wa wanawake wa kupiga magome, aliingia na sinia la viazi vikuu na samaki wa tui, limefunikwa jani la mgomba. Aliliweka mbele ya Lesieli, si mbele ya nesi.

"Kula, shangazi. Huko kwenu nasikia mnakula mikate tu, ndiyo maana umekonda shingo."

"Na nesi naye apewe, Mama Kesaia."

"Atakula ukishashiba. Si yuko hapa anajifunza kwako?"

Nesi Kalo alikuwa akihesabu mabomba ya sindano. "Ndiyo, mama, najifunza," alisema bila kuinua macho. Lesieli alikirudisha kiazi kwenye sinia.

Mama Kesaia alijishusha chini, akanyoosha goti lake bovu kwa mikono miwili kama anayemlaza mtoto. "Na hili goti, shangazi, ile dawa uliyonitajia kwa simu mwaka juzi sikuipata dukani. Nikapaka mafuta ya nazi."

"Mafuta ya nazi yanatosha."

"Si nilisema mimi. Unasikia nyundo hiyo? Huyo ni wifi yako. Tangu alfajiri. Tumemwambia, Vika, leo siku ya sindano, weka nyundo chini. Akasema anaumwa kichwa. Umeona wapi mtu anaumwa kichwa akaenda kupiga gome?" Alisogea karibu, akashusha sauti, ingawa sauti yake hata ikishushwa ilikuwa inafika barabarani. "Kitendawili."

"Tega."

"Kadiri wanavyonipiga ndivyo ninavyopanuka."

"Gome."

"Wewe unasema gome. Mimi nasema maneno ya watu. Wifi yako anakuogopa, Lesieli. Tangu mtoto wao wa kwanza alipofariki watu wanasema shangazi alikasirika. Na shangazi akikasirika, tumbo la wifi hufunga, na kilichokwisha kuzaliwa hakikai. Mimi sikusema. Mimi nilisikiliza tu."

"Nilikasirika kwa lipi?"

"Hilo ndilo watu hawajui. Wangelijua, lingekuwa limeshaisha utamu."

Lesieli alifuta vidole kwenye jani. Kisiwa cha pili, mwendo wa saa moja kwa mashua, watoto wanne walikuwa wamelala na vipele vya surua. Fotulei walikuwa wamebaki na mtoto mmoja asiye na chanjo, na mtoto huyo alikuwa damu yake.

"Twende bandani aliko Vika," alisema.

*

Banda lilikuwa na paa la makuti na ukuta wa mabati upande mmoja tu. Vika alikaa peke yake mbele ya gogo refu, akipiga ukanda wa gome ambao umekwisha kuwa mpana kama shuka. Vumbi jeupe limemjaa nyusi. Miguuni pake Havea alikuwa akitafuna kipande cha gome, mnene, amevaa fulana tu. Alimtazama Lesieli kwa utulivu wa watoto ambao hawajui nani ni nani.

Vika alipoona fulana ya njano aliiweka nyundo chini, akaondoka kwenye mkeka, akaupangusa kwa kiganja, akakaa pembeni kwenye udongo, kichwa chini.

"Karibu, wifi. Samahani, mkeka una vumbi."

"Rudi ukae nami hapa."

"Hapa pananitosha."

Wanawake watatu walitokea, mmoja anatafuta mwiko, mmoja anatafuta kuku, wa tatu hata hakujisumbua kutafuta kitu. Mama Kesaia aliwafanyia nafasi.

"Vika," alisema Lesieli, "dozi imebaki moja. Saa kumi inatupwa. Unajua habari za kisiwa cha pili."

"Nimezisikia."

"Mlete Havea basi."

Vika alilikunja vazi lake magotini, akalikunjua. "Ukisema nimlete, nitamleta. Wewe ndiye mwenye neno." Na mikono yake ikaanza kulikunja tena.

Lesieli aliitazama mikono ile, akajiona kama anaitazama kutoka mbali, kutoka juu ya maji. Angesema neno moja tu, na kila kitu kingelitii: wifi, mtoto, banda zima. Neno la shangazi halina mlango wa kutokea. Lakini angempeleka mama wa watu ukumbini kama anayepelekwa kaburini.

Nyuma ya mabati mtu alikohoa. Alikuwa Pauliasi. Kwa desturi yao hawezi kuingia mahali alipoketi dada yake wala kusema naye ana kwa ana, wala dada yake hawezi kumwita aje. Wamekua hivyo tangu alipoota ndevu.

"Mama Kesaia," ilisema sauti ya Pauliasi, "mwambie dada yangu kwamba nimemsihi mke wangu tangu jana."

"Shangazi, kaka yako anasema amemsihi mkewe tangu jana."

"Nimesikia, Mama Kesaia."

"Najua umesikia. Kazi nimepewa, lazima niifanye."

Wanawake walicheka kidogo, na kicheko kile kikamfungua Vika mdomo.

"Nina ombi, wifi. Usinione mtovu wa adabu. Yule binti simjui. Amewachoma wa wenzangu, sawa, wa wenzangu hawana jambo. Wa kwangu mchome wewe. Mkono wa shangazi ukimgusa mtoto kwa heri, baya halimrudii tena. Ukinifanyia hilo nitakuja mbio."

"Amesema kweli," alisema mwenye kutafuta kuku.

"Tena nesi ni wetu wenyewe," alisema wa mwiko. "Tuombe mkono kwa wageni?"

Lesieli alisimama. Udongo uliinuka pamoja naye, ukashuka. "Twende ukumbini," alisema. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini wao walisikia ndiyo, na kabla hajafika njiani kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia.

*

Nesi Kalo alimvuta hadi nyuma ya kinanda cha kanisa.

"Wanasema utachoma wewe."

"Mwanangu, kuna jambo sikukuambia. Mimi—"

"Nalijua tangu kwenye mashua," alisema Nesi Kalo. "Yule mzee alipotapika, wewe ulikamata ndoo na tambara kabla sijafumbua macho. Ulipanguza ukirudi nyuma, hukukanyaga palipo mbichi hata mara moja. Manesi hatupigi deki hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ni shangazi yao, mimi mgeni." Aliivua miwani, akaifuta, na bila miwani alikuwa mtoto kabisa. "Sikiliza, mama. Mimi nitaishika sindano. Wewe weka mkono wako juu ya wangu, hivi. Nitachoma mimi, wao wataona mkono wako. Mtoto atapata chanjo, mama yake atapata amani, na saa kumi na moja mashua inatuchukua. Nani atakuwa amedhurika?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo. Lesieli aliutazama mkono wa binti, mwembamba, kucha fupi. Akauweka wake juu. Ulitosha kuufunika wote.

"Sawa," alisema.

Ukumbi ulijaa. Hata wazee waliacha kinywaji chao cha kava wakaja kusimama mlangoni. Lesieli alinawa mikono mara mbili kwenye beseni, polepole, na maji yalikuwa na mwanga wa dirisha ndani yake. Vika alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto wa shule ya Jumapili, Havea mapajani, mkono wa mtoto umeachwa wazi, na ule mkono ulikuwa na pingili mbili za unene kama mkate. Nje ya vioo vya dirisha, bega tu la Pauliasi ndilo lililoonekana, amegeuza mgongo kwa adabu.

Lesieli alivuta kiti akakaa mbele ya wifi yake, magoti kwa magoti. Nesi Kalo alivuta dawa, akagonga bomba kwa ukucha. Hapo ndipo Vika alipoinama mbele, kama anayetaka kumnusa, akaongea chini kabisa.

"Wifi, kabla hujamgusa nataka moyo wako uwe mweupe. Nilikuficha nguo."

"Nguo gani?"

"Kwenye mazishi ya baba yenu. Vitu vyote vililetwa mbele yako, ni haki yako kuchukua utakacho. Mimi nilikuwa na nguo moja ya gome nimempigia mwanangu Siale, ndogo, ya kumfunikia. Nikaona utaichukua uende nayo Auckland. Nikaisokomeza chini ya godoro." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, yakichora njia kwenye vumbi la gome. "Miezi mitatu baadaye, mtoto hayupo. Nilijua papo hapo. Sijamwambia hata mume wangu. Nilimuua mwanangu kwa nguo, wifi. Nisamehe, halafu umguse huyu."

Mapazia yalivuta pumzi, yakakaa nayo.

Lesieli aliiona korido. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, yuko ghorofa ya nne, ndoo miguuni, na simu ikamtetemeka mfukoni. Sauti ya Pauliasi kutoka ng'ambo yote ya bahari: mke wangu anauliza, mtoto ana homa na vipele, hataki kunyonya, mashua ya hospitali iko gatini inaondoka sasa hivi, tumpeleke au tungoje? Na nesi wa kweli alikuwa hatua kumi mbele yake, anajaza fomu. Angemkimbilia akamuuliza. Lakini angeulizaje, na kaka yake anasikia? Akasimama wima kama asimamavyo nesi, akasema kwa sauti ya nesi: msimhangaishe baharini, mpozeni kwa maji na kitambaa, Jumatatu atakuwa anacheza. Mashua ikaondoka. Kesho yake Jumapili, na Jumapili huko hakuna chombo kinachotweka. Jumatatu alfajiri simu ikalia tena.

Mkono wa Nesi Kalo ulikuwa unangoja, na sindano imesimama juu yake. Kilichobaki kilikuwa kuweka kiganja tu.

"Si nguo," alisema Lesieli.

"Wifi?"

"Si nguo yako, Vika. Nguo haina kosa. Hata ningeiona nisingekasirika, ningekuachia." Alitaka kusema polepole, kwa sikio la mmoja, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba neno lilitembea lenyewe hadi mlangoni. "Mimi si nesi. Sijawahi kuwa nesi. Napiga deki. Siku ile mliponipigia simu nilikuwa nimeshika ufagio wa maji, na sikujua chochote, na niliwajibu kama ninayejua. Niliogopa aibu. Mimi ndiye niliyesema msimpeleke."

Nguruwe mmoja alikoroma nje.

Kisha Mama Kesaia, ambaye kimya hakikuwahi kumkaa, akasema, "Kumbe miaka yote hii nimemuuliza goti langu mpiga deki." Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mzee mmoja mlangoni alisema, "Na tulimwombea kanisani," na mwingine akasema, "Kwa jina, kila mwaka mpya." Lesieli alisikia kila neno likitua, moja moja, kama matone kwenye ndoo tupu. Uso ulimwaka. Hakuinuka.

Nje ya vioo, bega halikugeuka.

"Mama Kesaia," ilisema sauti ya Pauliasi. "Mwambie dada yangu mashua ilikuwa palepale gatini. Injini ilikuwa inanguruma. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapungia mkono waende."

Safari hii Mama Kesaia hakurudia.

"Mwambie kaka yangu najua," alisema Lesieli. Mlio wa hatua ulisikika kwenye changarawe, ukaenda mbali.

Vika alikuwa amemtazama muda wote huo. Hasira ilianza shingoni, ikampanda usoni taratibu, na wanawake waliokaa karibu waliifahamu kabla yake yeye mwenyewe. Hakuwa na hofu tena. Akasimama. Akasimama mtoto kiunoni, na shangazi ameketi chini yake kwenye kiti. Katika ukumbi ule hakukuwa na mtu aliyewahi kuona mke wa kaka amemsimamia shangazi juu ya kichwa.

"Miaka mitano," alisema Vika. "Miaka mitano nimelala juu ya nguo ile. Mimba ya huyu niliibeba nikiomba msamaha kila asubuhi, nageukia huko ulikokwenda, namwomba mtu aliye Auckland. Kumbe namwomba mtu anayejua kuwa sina kosa."

"Sikujua habari ya nguo."

"Ulijua habari ya simu."

"Nilijua."

"Na hukuja kusema."

"Nilikuja leo. Na leo nusura nisiseme."

Vika alimhamisha mtoto kiuno cha pili. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Mtu yeyote angeweza kuona anavyoutazama mlango: hatua kumi, halafu jua, halafu banda, halafu nyundo. Nesi Kalo alikuwa ameishusha sindano chini ya meza ili mtoto asiione.

"Wewe binti," Vika alisema hatimaye. "Wewe ndiye nesi?"

"Ndiyo, mama."

"Wa kweli? Umesomea?"

"Miaka mitatu. Cheti kiko kwenye begi, nikuonyeshe."

"Kilete."

Nesi Kalo alimpa Lesieli jukumu pekee lililokuwepo: alimwonyesha kwa kidevu begi lilipo. Lesieli aliinuka, akafungua begi, akakitoa cheti kwenye mfuko wa plastiki, akampelekea wifi yake kwa mikono miwili, kama mdogo anavyompa mkubwa. Vika alikisoma mstari kwa mstari, na midomo yake ikitembea. Akakirudisha.

"Mchome," alisema. "Nitamshika mwenyewe."

Havea alilia kilio kimoja kirefu chenye hasira, kisha akasahau katikati, akaanza kukitazama kioo cha miwani ya nesi. Kichupa kitupu kikaingia kwenye kisanduku cha takataka za sindano, tik. Lesieli akarudi mezani, akaandika thelathini, jina, tarehe, mkono wa kushoto. Watu walitoka bila kumuaga. Mmoja alipita penye sinia, akalichukua pamoja na samaki aliyekuwa bado hajaliwa.

*

Jua lilikuwa limelegea, na ukumbi mtupu umejaa rangi ya asali. Lesieli alifuta meza. Alipomaliza meza akafuta viti, kisha akatafuta tambara akaanza sakafu, akirudi nyuma, kwa sababu mikono ilitaka hivyo na hakuna tena wa kumficha.

Alipofika karibu na mlango alikuta miguu miwili yenye vumbi la gome. Vika alikuwa amesimama kizingitini na mtoto aliyelala begani. Hakutaka kukanyaga palipo mbichi.

"Umesahau kunipa kadi yake," alisema Vika.

Lesieli alikausha mikono kwa fulana, akamletea kadi. Vika aliitia kifuani. Hakuondoka. Walisimama hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, na upepo ukipita katikati yao.

"Homa ikimshika?" aliuliza Vika. Ni mazoea tu yaliyouliza. Alipolisikia swali limetoka, uso wake ukajikunja.

Na Lesieli alilihisi jibu likipanda, limekamilika, limevaa sare: maji, kitambaa, kesho atakuwa anacheza. Lilifika hadi kwenye meno.

"Sijui, wifi," alisema.

"Hujui."

"Sijui. Nesi anajua. Twende tumuulize."

Vika akavua kandambili, akaingia, akapita kwenye ukingo uliokauka.

Nesi Kalo alikuwa akifunga mikanda ya kasha la barafu. Akaacha, akawageukia, akaeleza akihesabu kwa vidole. Homa ya leo si ajabu. Inaweza pia kuja baada ya wiki, na vipele vidogo, usiogope. Mnyonyeshe, mpe dawa ya homa iliyo kwenye kibahasha, nusu ya kijiko. Lakini homa ikizidi siku mbili, au akikataa kunyonya, au akistuka-stuka, piga namba hii nyuma ya kadi, mashua itakuja.

"Hata Jumapili?" aliuliza Vika.

"Hata Jumapili."

"Rudia tena."

Nesi Kalo akarudia tena, polepole zaidi. Gatini honi ililia mara moja, ndefu, ikiwaita.

Vika alimgeukia Lesieli. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

Lesieli aliweka mikono nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza, akaanza mwanzo. Homa ya leo si ajabu. Inaweza kuja baada ya wiki. Mnyonyeshe. Nusu ya kijiko. Homa ikizidi siku tatu—

"Mbili," alisema Vika.

"Mbili," alisema Lesieli, akaendelea.